Mwaka Niliotaka Kukimbiwa na Toto Asekenye

Jumamosi iliyopita tulikutana tena, sisi tuliobaki wa kikundi chetu cha ngoma, katika hoteli mpya hapa Tororo. Hoteli yenyewe imejenga chumba nyuma ya jiko na kuandika mlangoni, kwa herufi za dhahabu, SPA. Ndani kuna mabenchi ya mbao, mawe yanayochomwa kwa umeme, na mvuke mzito ambao ukinyoosha mkono huoni vidole vyako. Tuliketi watano tukivuja jasho, na nje jua la Tororo lilikuwa linachoma bure, halidai tiketi wala taulo. Mzee Opio, aliyekuwa mpiga ngoma wetu, leo ana miaka themanini na ushee kwa hesabu yake na mia moja na kumi kwa hesabu yangu. Alivumilia dakika nne. "Sasa humu tunafanya nini?" akauliza. Nikamwambia tunakumbuka safari yetu ya Slovenia. "Mimi nakumbuka hata nje," akasema, akachukua fimbo yake, akatoka. Lakini mimi nilibaki, maana ule mvuke ulikuwa umeshanishika na kunirudisha kwenye mwaka mmoja wa ujana wangu. Mwaka huo ndio nilioujua ulimwengu, nikamjua pia mama mmoja aliyekuwa mgumu kuliko ulimwengu wote.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, baiskeli moja na mipango arobaini. Mchana nilivusha watu pale Busia, kutoka geti la Uganda hadi geti la Kenya, wao na magunia yao na kuku wao, na kuna siku nilimbeba bibi harusi, msimamizi wake na keki kwa safari moja, wala keki haikupata ufa. Jioni niliingia shule ya watu wazima. Darasa letu lilikuwa ghala lililopakana na kinu cha mahindi, na kinu hakikujua kwamba sisi tunasoma. Mwalimu alipiga kelele, nasi tukajibu kwa kelele. Kiingereza changu chote nilikipata kwa kupaza sauti, na hadi leo nikimsalimia mtu kwa lugha hiyo mbwa wa jirani huamka. Sikuwa mwanafunzi wa kwanza darasani, lakini kwa kujiamini hakuna aliyenikaribia. Nikisoma mistari miwili ya kitabu, ile ishirini iliyobaki niliikisia.

Siku za Jumapili nilipanda baiskeli mpaka Tororo, nyumbani kwa Toto Asekenye, ambako kikundi kilifanya mazoezi. Toto kwa Kiteso ni mama, na yeye alikuwa mama wa kila mtu. Ndiye aliyeanzisha nyimbo, ndiye aliyepika malwa, pombe ya wimbi, na akisema ngoma isimame, hata kuku walisimama. Tuliimba tukiwa tumezunguka chungu, kila mtu na mrija wake mrefu mdomoni, na mwenye nyumba anaongeza maji ya moto kila kinywaji kinapopungua. Chungu kina adabu zake. Hupulizi ndani ya mrija. Huchungulii mrija wa mwenzako. Na kubwa kuliko zote, mwenye nyumba akishamimina maji ya moto, huinuki. Ukiinuka umemwambia pombe yake ni mbaya, na hutaitwa tena. Nimewahi kuona mtu ameungua goti na bado amekaa.

Sasa Toto Asekenye alikuwa na binti, Amoding, aliyekuwa na cherehani kwenye baraza ya duka moja Busia, upande wa Uganda. Ndiye aliyeshona mavazi ya kikundi. Mimi nilipasua suruali mara kumi na saba mwaka ule, na baiskeli haikuhusika hata mara moja. Tulipokwisha kuelewana sisi wawili, nikamwambia nataka kumtuma mjomba wangu kwa mama yake. Amoding akacheka mpaka uzi ukakatika.

"Mjomba atakwenda kusema nini? Mama anakuona wewe mtoto wa nyumbani."

"Si vizuri hiyo? Ananipenda."

"Okoth, wewe hujui kwenu? Mama akimkubali mtu kuwa mkwe, hakai naye. Hali naye. Akimwona njiani, anaingia kwenye mihogo ajifiche. Wewe jana umekula naye bakuli moja, mkagombea karanga. Mkwe gani huyo?"

Nilijua, bila shaka. Kwetu Mukuju ni hivyo hivyo. Mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa mbali, na heshima ikiwa kubwa umbali nao unakuwa mkubwa. Ila sikuwa nimepiga hesabu ya upande wa pili, kwamba kila mara Toto aliponichekea, alikuwa ananinyima binti yake. "Basi nifanye nini?" nikamuuliza. Amoding akaingiza uzi upya kwenye sindano, akasema, "Subiri akukimbie. Asipokukimbia, mjomba wako abaki kwake."

Ndipo nikaanza kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya, kazi ya kumfanya mama mnene mwenye furaha anikimbie. Nilivaa koti la suti kwenye mazoezi, kwenye joto lile. Toto akasema, "Vua, mwanangu, utapika mwili." Nilikaa mbali na chungu, akanivuta karibu. Nilimwamkia huku nikitazama chini kama mkwe. Akaniinua kidevu akaniuliza kama shingo inaniuma, halafu akaniletea mafuta ya kuchua. Mwanangu, mwanangu! Hakujua kwamba kila akilitamka neno lile alikuwa ananifanya kaka yake Amoding.

Katikati ya mwaka akaja Bwana Janez. Alikuwa mrefu, mtaratibu, mwenye daftari, kazi yake kukusanya desturi za watu. Alikaa nasi kwenye chungu siku tatu, akatupenda, na baada ya miezi miwili ikaja barua ya kutualika watu wanane kwenye tamasha la urithi nchini kwake, Slovenia. Nchi ni ndogo. Mwalimu wetu alipoitafuta kwenye ramani, aliifunika kwa kidole na hakujua kwamba ameshaipata. Barua ilieleza kwamba wenyeji wa huko wanasifika kwa mambo mawili, kutunza vitu vya kale na kuoga maji ya moto yanayotoka ardhini. Watu wanasafiri kutoka mbali kuja kuoga na kuyanywa.

"Kuoga tu?" Toto aliuliza nilipomsomea. "Napanda ndege kwenda kuoga? Hata kwangu sufuria iko."

Lakini alikwenda, na alipochagua watu, jina langu lilikuwa la kwanza. "Okoth anakuja. Nani atatusemea Kizungu? Na huyu ni mwanangu." Watu wakapiga makofi. Nilikwenda nyuma ya ghala la mihogo nikalia machozi ya kweli.

Kwenye ndege alinishika mkono kuanzia Entebbe hadi tulipotua, na nilipotaka kwenda chooni alinisindikiza kwa macho kama ninayekwenda vitani. Tulifikia mji mdogo wa majengo ya rangi ya krimu, maua kwenye kila dirisha, vibao ukutani vinavyoeleza nani alilala hapa miaka mia mbili iliyopita akitibiwa figo. Mimi na Mzee Opio tulipewa chumba kimoja chenye zulia zito. Ukiangusha kiatu hukisikii. Mzee Opio alizunguka kitanda mara tatu. "Blanketi iko wapi? Hii ni godoro mbili, moja juu, moja chini." Nikamwambia lile la juu ndilo blanketi. Akaingia katikati kwa woga, akatoa kichwa, akasema, "Hapa mtu anakuwa mkate wa kupaka siagi." Asubuhi tulishuka kula tukakuta ukumbi mzima wa wazungu wamevaa majoho meupe na ndala nyeupe, mikate mkononi, wakitembea polepole kama maaskofu waliopotelewa na kanisa.

Na pale, mbele ya maaskofu wote hao, Toto Asekenye alikaa kando yangu, akachukua yai la kuchemsha kwenye sahani yangu, akanimenyea. Akalipuliza. Akalitia chumvi. Mama ananimenyea yai, mimi mtu mzima ninayetaka kumwoa binti yake! Mzee Opio, ambaye siri yangu aliijua, aliona uso wangu akainamia chai yake. "Kula, mwanangu," Toto akasema, "hii kuku ya huku haina nguvu, utakula tatu." Nilikula matatu. Kila moja lilishuka kama ule mwamba mkubwa unaosimama juu ya mji wa Tororo.

Siku ya pili, saa tano, tulipaswa kupanda jukwaani. Saa mbili asubuhi Janez alitupeleka kwenye ukumbi wa kunywea maji, akatukabidhi kwa mama mmoja mwenye koti jeupe, akaenda kutazama jukwaa. Ukumbi ulikuwa wa marumaru, nguzo ndefu, mabomba ya shaba katikati, na ukutani kibao kikubwa chenye maandishi mengi. Toto akanigeukia. "Okoth, imeandika nini?"

Nikatazama. Mistari ya juu ilikuwa ya lugha yao, ya katikati lugha nyingine nisiyoijua, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa na Kiingereza. Ningeweza kusogea nikasome. Lakini watu saba walikuwa wananitazama, na kusogea kungekuwa kukiri kwamba msomi ana mashaka. "Imeandikwa Karibuni nyote," nikasema. "Kunyweni mtakavyo."

Yale maji ni ya moto, na yana ladha ya msumari uliolowekwa wiki nzima. Wenyeji walikuwa wanayanywa kwa glasi ndogo, wakitembea. Sisi hatukuwahi kuona watu wanakunywa kitu cha moto huku wanatembea; tuliona ni kukosa malezi. Tukavuta viti tukavipanga duara. Mama wa koti jeupe akatuletea jagi kubwa la kioo, tukaliweka katikati, na kila mtu akatoa mrija wake, maana tulikuja nayo kwa ajili ya maonyesho. Yule mama alifurahi mpaka akapiga picha. Jagi lilipopungua, akamimina. Sasa amekwisha kumimina maji ya moto, nani atainuka? Tukanywa. Yeye akaona hatuinuki, akajua tumeyapenda, akamimina tena. Sisi tukaona amemimina tena, tukajua anatupima heshima. Tuliendelea hivyo, kila upande ukimhurumia mwenzake, muda wa saa mbili na nusu. Mimi peke yangu nilikunywa kiasi cha kumwogesha ndama. "Maji hii mbaya," Toto alininong'oneza, "lakini mwenye nyumba ni mama mzuri sana. Vuta, mwanangu."

Saa tano tukapanda jukwaani. Ukumbi ulijaa. Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri. Katikati ya wimbo wa pili mpiga akogo, kile kinanda chetu cha vidole gumba, alinyamaza ghafla, akaangalia mbele kama aliyeitwa na marehemu, akaweka kinanda chini, akaondoka kwa hatua fupi fupi za haraka. Halafu wacheza ngoma wawili. Halafu wengine wawili, wakipishana mlangoni. Toto alikuwa katikati ya ubeti; sauti yake ikapanda juu, ikapanda tena, juu ya mahali ambapo sijawahi kumsikia akifika, akaishikilia sauti ile ile moja akitoka nayo, tukaisikia ikipungua kwenye korido mpaka mlango ukagongwa. Mzee Opio alipiga ngoma mapigo manne zaidi, kwa ushujaa, akanikabidhi vijiti, akatoka.

Nikabaki mimi, ngoma, na wazungu mia nne wakinitazama. Mimi nami, msinielewe vibaya, nilikuwa nimekunywa kuliko wote. Lakini nilijua kosa ni la nani. Nikakaza kila kitu ambacho Mungu amempa binadamu cha kukaza, nikapaza Kiingereza cha kinu cha mahindi nikasema kwamba hii ndiyo Ngoma ya Kuaga, ya kale mno, ambapo wachezaji huondoka mmoja mmoja, kwa haraka, bila kugeuka, kuonyesha jinsi maisha yalivyo mafupi. Ukumbi ukanyamaza kwa heshima. Bibi mmoja wa mstari wa mbele akafuta machozi. Nikapiga ngoma peke yangu, jasho likinitoka kwenye kope, nikacheza sehemu ya wanaume, nikacheza ya wanawake, mpaka wenzangu wakaanza kurudi, nami nikatangaza kwamba sasa wanazaliwa upya. Watu wakasimama wakapiga makofi. Mzee Opio aliponipokea vijiti, nilitoka kwa mwendo wa kiungwana mpaka mlangoni. Baada ya mlango hakuna shahidi.

Nilipotoka huko niliwakuta wote kwenye chumba cha kuvalia, wamelegea juu ya viti kama nguo zilizonyeshewa na mvua. Janez akaingia anang'aa kwa furaha; watu wanaomba ile Ngoma ya Kuaga irudiwe kesho. Ndipo akamwona mmoja wetu akitoka mbio tena. Akauliza mlikunywa nini, nikamweleza, uso wake ukabadilika. Akasema kwa Kiingereza: yale maji ni dawa ya tumbo lililofunga, kibao kinasema wazi, glasi moja ndogo kabla ya chakula, na usiende mbali na choo. Hukusoma?

"Okoth," Toto akasema, macho mekundu, sauti imekwisha. "Anasema nini?"

Watu saba mle hawakujua Kiingereza hata cha kuomba chumvi. Mimi nilikuwa mlango pekee kati yao na maneno ya Janez, na mlango ukitaka unaweza kufunga. Uongo niliokuwa nao tayari ulikuwa mzuri, umeshonwa na vifungo vyote: kwamba bomba liliharibika, kwamba Janez anaomba radhi. Ningeendelea kuwa msomi. Ningeendelea pia kumenyewa mayai. Nikafungua mdomo kuusema, nikamwona Toto ananitazama anangoja, na kilichotoka kikawa kingine.

"Anasema kibao kilikataza. Glasi moja tu. Mimi sikukisoma, Toto. Niliogopa kusogea mkanicheka, nikabuni. Mimi ndiye niliyewaharibia tumbo."

Hakuna aliyecheka.  Toto akaivuta shuka yake kutoka mabegani, akajifunika kichwa mpaka usoni, akanipa mgongo, akatoka.

Chakula cha mchana alikaa nyuma ya nguzo. Jioni alikula chumbani. Asubuhi iliyofuata niliingia ukumbini, yeye akatoka kwa mlango wa jikoni, akapita katikati ya wapishi. Sikula. Nilimvuta Mzee Opio pembeni. "Mzee, ananikimbia!"

"Nimeona."

"Ananikimbia kama mkwe, au ananikimbia kwa hasira?"

Mzee Opio alifikiri, akitafuna. "Sijui, kijana. Mimi nilioa mara mbili, na mgongo wa mama aliyekukubali na mgongo wa mama aliyekukasirikia ni mgongo ule ule. Angalia visigino."

Nilivitazama visigino vya Toto Asekenye siku mbili nzima. Havikuniambia kitu.

Siku ya mwisho Janez akatupeleka kwenye bwawa lenyewe, zawadi ya kutuaga. Liko nje, katikati ya miti iliyokuwa inapukutisha majani. Hewa ni ya baridi kali na maji yanatoa mvuke kama chungu cha mji mzima. Wanaume tuliingia kwanza. Aaa! Nisiseme uongo zaidi ya kiasi: mifupa yangu ilipanguka mmoja mmoja, ikapangwa upya na mtu anayeipenda. Nilikuwa nimezama hadi shingoni nikifikiria kuhamia pale moja kwa moja, wakati mvuke ulipopasuka nikamwona Toto ukingoni, amevaa gauni refu la kuogea aliloshonewa na Amoding, mguu mmoja umeshagusa maji. Akaniona. Akapiga ukelele, mama wa miaka sitini, akageuka, akakimbia kwa miguu mitupu hadi nyuma ya ukuta wa matofali uliokuwa kando.

Sasa angekosa kuoga kwa sababu yangu, baada ya kuvuka nusu ya dunia! Nikatoka majini nikajifunga taulo, nikakimbilia upande wa pili wa ukuta ule ule ili asinione, nikapiga kelele kwa Mzee Opio amwambie njia ni nyeupe, aingie. Akajibu kupitia kwa Mzee Opio kwamba haingii, mtu yule anaweza kurudi. Nikasema sirudi. Akasema hata hivyo. Basi tukakaa, yeye upande wake na mimi upande wangu, ukuta katikati, migongo inakaribia kugusana, wakati wenzetu sita wanachemka kwa raha wakituhurumia. Janez akaja na daftari lake, amechanganyikiwa. "Mmegombana?" akaniuliza.

"Hilo," nikamwambia, "ndilo ninalongoja kujua."

Janez akaandika. Kisha sauti ya Toto ikatoka ng'ambo ya ukuta, bado ina mkwaruzo.

"Opio! We, Opio!"

"Naam, Toto!"

"Huko upande ule mtu iko?"

"Iko."

"Amevaa nini?"

Mzee Opio akanitazama kutoka kwenye maji. "Taulo."

"Taulo tu? Kwa baridi hii? Mwambie avae koti! Mwambie mimi nitasema nini kwa Amoding, nampelekea bwana na kikohozi?"

Nilikuwa nimeshasikia kila neno. Ukuta wenyewe ulikuwa wa tofali moja. Lakini Mzee Opio alisogea taratibu hadi ukingoni, akanigeukia kwa heshima zote, maji yakimtiririka ndevuni. "Toto anasema uvae koti."

"Mwambie," nikamjibu, meno yakigongana kama njuga, "mwambie sisikii baridi hata kidogo."